Freddie Mercury: Mtoto wa Unguja Niliyemsikia Kitui

Wahenga walinena kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii nimeisikia mara nyingi linapotajwa jina la marehemu Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, aliyezaliwa Unguja na kufia London. Wako wasemao kwamba aliwatupa watu wake, akabadili jina, akakaa kimya juu ya kisiwa kilichomzaa. Leo, wasomaji wapenzi, napenda tuyapime maneno hayo kwa kuyatazama maisha yake.

Mimi nililelewa Mombasa, nikasoma Kurani chuoni kabla sijaingia shule ya serikali. Nyumbani kwetu zilisikika kasida na maulidi, na jioni taarabu kutoka redioni. Mwaka 1992, nikiwa mwandishi kijana, nilitumwa Ukambani kuandika habari za kiangazi. Tulishika barabara kuu mpaka Kibwezi, katika Makueni, wilaya iliyokuwa imemegwa kutoka Machakos mwaka huo huo. Hapo tukaiacha lami, tukavuka mto Athi na kuelekea Ikutha, Mutomo na Kitui. Siku hizi njia hiyo ina lami, bali wakati ule ilikuwa vumbi jekundu na mibuyu tu.

Dereva wetu, Mkamba wa Mutomo, alikuwa na kanda moja garini. Kwanza ukaja wimbo wa kukanyaga chini mara mbili na kupiga kofi moja. Baadaye nilijua kwamba ulitungwa na Brian May, mpiga gitaa wa bendi hiyo, mwaka 1977, kwa makusudi ya kuwashirikisha wasikilizaji. Tuliposimama Ikutha kutia maji kwenye rejeta, watoto waliokuwa kandokando waliupokea kwa miguu bila kufundishwa na mtu.

Kisha ukaja wimbo mrefu wa karibu dakika sita, uitwao Bohemian Rhapsody. Kwa kuwa mimi ni mtu wa vina na mizani, nilitafuta kiitikio nisikione. Wimbo ulianza taratibu, ukageuka kilio cha kijana akimwungamia mamake kwamba ameua mtu, kisha ukaingia mabishano ya sauti nyingi. Katikati ya mabishano hayo nikalisikia lile neno ambalo sisi hufungulia sura, chakula na safari. Nikamwomba dereva arudishe kanda nyuma. Aliirudisha mara tatu, ndipo akanieleza kwamba mtunzi na mwimbaji alizaliwa Zanzibar, na kwamba alikuwa amefariki Novemba iliyopita. Basi mimi wa Pwani nikapewa habari za mtu wa Pwani na Mkamba wa bara, na tangu siku hiyo nikaanza kuyafuatilia maisha yake.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bwana Bomi Bulsara, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu katika serikali ya Waingereza. Yeye na mkewe, Bibi Jer, walikuwa Waparsi waliotoka Gujarat, wafuasi wa dini ya kale ya Zoroasta. Farrokh alipotimiza miaka minane alipelekwa India, katika shule ya bweni ya St. Peter's huko Panchgani. Huko alijifunza piano, akajiunga na wenzake katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics, na huko ndiko wenzake walikozoea kumwita Freddie. Jina hilo, kwa hiyo, hakulipata kwa Waingereza wala kwa kuona haya kwao.

Alirudi Unguja mwaka 1963, lakini hakukaa. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea, wazazi wake walichukua watoto wao wawili, Farrokh na dada yake Kashmira, wakahamia Uingereza na kupanga makao Feltham, karibu na London. Kijana alikuwa na miaka kumi na saba. Alisoma sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing, akahitimu mwaka 1969, na kwa muda akauza nguo kuukuu katika soko la Kensington pamoja na rafiki yake Roger Taylor, mpiga ngoma. Mwaka 1970 wao wawili na Brian May waliunda Queen, na mwaka uliofuata akaingia John Deacon. Jina la bendi alilichagua Farrokh, nembo yake akaichora mwenyewe, na wakati huo ndipo alipojiita Mercury.

Ule wimbo usio na kiitikio ulitolewa mwaka 1975. Wapo waliodhani ni mrefu mno kwa redio, lakini ulikaa wiki tisa juu ya nyimbo zote Uingereza. Mwaka 1978 alitunga mwingine uitwao Mustapha, uliochanganya Kiingereza na maneno ya sauti za Kiarabu. Masikio ya mtoto wa Unguja hayakuwa yamesahau adhana.

Hata hivyo, wasifu wa kweli hauachi doa. Oktoba 1984 Queen walikwenda kuimba Sun City, katika Afrika Kusini ya ubaguzi, ingawa Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasikanyage huko. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Mwana wa Unguja aliimba katika bara alikozaliwa, lakini aliimbia mahali ambapo Mwafrika alikuwa hana haki katika nchi yake. Kosa hilo silitetei.

Mwaka huo huo Ukambani kulikuwa na njaa kali. Wakamba waliipa jina Nikw'a Ngwete, maana yake ni kwamba mtu anakufa huku ameshika fedha mkononi, kwani fedha zilikuwapo lakini chakula cha kununua hakikuwapo. Ukame ule ule uliiangamiza Ethiopia, na kwa ajili ya Ethiopia likafanywa tamasha la Live Aid tarehe 13 Julai 1985. Mercury alisimama mbele ya watu wapatao 72,000 katika uwanja wa Wembley, na kwa dakika kama ishirini aliwashika wote kwa sauti yake. Wengi huyahesabu maonyesho yale kuwa bora kupita yote ya muziki wa roki.

Ugonjwa wa Ukimwi uligunduliwa mwilini mwake mwaka 1987. Aliendelea kurekodi nyimbo, na habari akaificha hadi tarehe 23 Novemba 1991, alipoitangazia dunia. Kesho yake akafariki, akiwa na umri wa miaka 45. Katika safari ile ya 1992, tulipopita tena Kibwezi, nilihudhuria mazishi ya kijana aliyeletwa kutoka mjini akiwa hoi. Mmoja alitaja malaria, mwingine alitaja uchawi, na jina la ugonjwa halikutoka kinywani mwa mtu. Kenya ilikuwa imemjua mgonjwa wake wa kwanza wa Ukimwi tangu 1984, lakini ilifika Novemba 1999 ndipo serikali ikautangaza kuwa janga la taifa. Kwa miaka hiyo yote ukimya ulizika wengi. Tangazo la yule mwimbaji, japokuwa lilichelewa, lilikuwa na faida kwa walio hai.

Mwaka 2006 zilipopangwa sherehe Zanzibar za kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe, jumuiya ya Uamsho ilizipinga, kwa kuwa marehemu alipenda wanaume, jambo lililo kinyume cha mafundisho ya Uislamu. Mwaka 2019 likafunguliwa jumba la makumbusho yake huko Shangani, na watalii humiminika. Wapo wanaomkataa, wapo wanaomfanyia biashara, na pande zote mbili naona wachache wanaozijua nyimbo zake.

Je, aliwakataa kwao? Mtoto aliyeondolewa akiwa na miaka minane, kisha akang'olewa tena na misukosuko ya nchi akiwa na kumi na saba, hakuchagua kwenda. Na alipokufa, makuhani wa Zoroasta walimsalia kwa ibada ya wazazi wake kabla mwili wake haujachomwa. Jina alilibadili, lakini mazishi yake yalikuwa ya Farrokh Bulsara. Nafsi yake ina Mola wake wa kuihukumu. Kazi yake ndiyo tuliyoachiwa sisi, na anayetaka kuisema, basi aisikilize kwanza.