TOM MBOYA NA SAUTI YA MITAA YETU

Jina la Tom Mboya tunalisoma kila siku kwenye kibao cha barabara mjini, lakini tukiulizwa alifanya nini, wengi wetu tunakodoa macho tu. Ndiyo sababu nimeonelea niwaletee habari zake.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge ambako baba yake aliajiriwa. Kwao hasa ni kisiwa cha Rusinga. Alisoma Mang'u, karo ikawa shida, akaenda kusomea ukaguzi wa afya, kisha akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Huko ndiko alikoanza kuwaunganisha wafanyakazi, naye akiishi papa hapa Eastlands, mtaa wa Ziwani.

Mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Wakati huo ilikuwa hali ya hatari, na chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku. Basi mtu mwenye malalamiko angeyapeleka wapi? Chama cha wafanyakazi kikawa mdomo wa wananchi. Mwaka 1954 askari walipozingira mitaa na kuwazoa maelfu ya watu, Mboya na wenzake walilalamika waziwazi.

Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Lakini si mnajua mambo ya wakoloni! Mwenye elimu na mali aliweza kupata hata kura tatu, na wengi hawakupata hata moja. Mboya alimshinda wakili Argwings-Kodhek kwa kura chache. Kisha akaanzisha chama cha Nairobi, People's Convention Party, na gazeti lililoitwa Uhuru. Mikutano yake Kaloleni na Makadara iliwavuta hata wale wasio na kura. Naona hapo ndipo maoni ya umma yalipoiva: kodi ya nyumba, mshahara duni na kipande viliongelewa mpaka kila mtu akajua kumbe shida yake ni ya jirani pia.

Matunda yalionekana mwaka 1961 katika eneo la Nairobi Mashariki. Wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu, na Mboya alikuwa Mjaluo. Ati angeshindwa! Alipata kura zaidi ya 31,000, na Dkt. Munyua Waiyaki hakufikisha 3,000. Watu waliangalia kazi, hawakuangalia kabila.

Tarehe 5 Julai 1969 Mboya, akiwa waziri, alipigwa risasi katikati ya jiji. Aliyefyatua alihukumiwa, lakini swali la nani alimtuma halikujibiwa mahakamani. Uvumi ukajaza pengo hilo, na majirani waliopiga kura pamoja mwaka 1961 wakaanza kutazamana kwa jicho la kabila.

Funzo ninalopata ni hili: maoni ya umma hujengwa polepole, kwa mikutano na ukweli, lakini hubomolewa upesi kwa uvumi. Wahenga walisema wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Mimi naongeza kwamba hao wengi ni sisi, kwa hiyo tuchunguze kwanza tunachoambiwa kabla ya kukipigia makofi.