Marcello Malpighi: Tabibu aliyechungulia ndani ya figo

MWISHONI mwa Novemba 1694, tabibu kijana kwa jina Giorgio Baglivi alisimama mbele ya maiti ya mwalimu wake mjini Roma, kisu mkononi. Marehemu alikuwa Marcello Malpighi, daktari wa Baba Mtakatifu Innocent XII, na mtu aliyesifika kote Ulaya kwa kuyaona mambo ambayo jicho tupu haliwezi kuyafikia.

Baglivi alipofungua fuvu alikuta damu nyeusi iliyoganda ndani ya ubongo. Moyo ulikuwa umetanuka, na ukuta wake wa upande wa kushoto ulikuwa mnene kama upana wa vidole viwili. Alipozifikia figo aliona kwamba moja ilikuwa imesinyaa, ukubwa wake ni nusu tu ya ile ya pili. Ndani ya kibofu cha mkojo mlikuwa na kijiwe kidogo.

Baglivi aliyaandika yote hayo kwa uaminifu, lakini hakuwa na njia ya kuyaunganisha. Ubongo, moyo na figo vilikuwa kwake sura tatu za vitabu vitatu mbalimbali. Kinaya ni kwamba miongoni mwa matabibu wa zama hizo hakuna aliyekuwa ameichungua figo kwa undani kumshinda huyo aliyelala mezani.

Malpighi alizaliwa Machi 1628 huko Crevalcore, mji mdogo ulio karibu na Bologna, kaskazini mwa Italia. Mwaka huo huo, Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu kilichothibitisha kwamba damu huzunguka mwilini ikisukumwa na moyo. Hoja ya Harvey ilikuwa na pengo moja. Hakuweza kuonyesha ni wapi damu inapotoka katika ateri na kuingia katika vena. Alifariki 1657 pengo hilo likingali wazi.

Kijana wa Crevalcore aliingia Chuo Kikuu cha Bologna mnamo 1646. Miaka mitatu baadaye alifiwa na baba, mama na nyanya yake mzaa baba, akalazimika kuyaacha masomo kwa muda ili kuwatunza wadogo zake na kuyasimamia mashamba ya familia. Pamoja na mashamba hayo alirithi ugomvi wa mpaka na ukoo jirani wa Sbaraglia, ugomvi ambao baadaye ulifikia kumwaga damu, kwani ndugu yake Bartolomeo alimuua mtu wa ukoo huo. Jina hilo la Sbaraglia tutakutana nalo tena.

Alifuzu udaktari mwaka wa 1653. Kutoka 1656 alifundisha Pisa, na huko ndiko alikofanya urafiki na mwanahisabati Giovanni Alfonso Borelli, aliyeamini kwamba mwili wa kiumbe unaweza kuelezwa kama mashine. Malpighi alirejea Bologna 1659, na miaka miwili baadaye akamwandikia Borelli barua mbili zilizochapishwa na kubadilisha elimu ya tiba.

Alikuwa amechukua mapafu ya chura, ambayo ni membamba na hupenya nuru, akayatazama kwa hadubini. Humo aliona mishipa midogo mno, myembamba kupita unywele, ikiunganisha ateri na vena. Hizo ndizo kapilari. Pengo la Harvey likazibika, na aliyeliziba alikuwa na umri wa miaka 33.

Sasa tuje kwenye figo. Tangu zama za Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya pili, ilijulikana kwamba mkojo hutoka figoni na wala hautengenezwi na kibofu. Galen alikuwa amefunga mirija ya mkojo ya wanyama kwa uzi, akaona kibofu kikibaki kitupu ilhali mirija ikivimba juu ya fundo. Ramani ya nje ilikuwa wazi basi: figo mbili mgongoni, mirija miwili yenye urefu wa takriban sentimita 25 kila mmoja, kibofu kinachoweza kuhifadhi karibu nusu lita, na mrija wa mwisho wa kutolea mkojo.

Kilichofanyika ndani ya figo yenyewe kilikuwa fumbo. Wengi walidhani nyama yake ni donge tu la damu iliyogandamana, lisilo na umbo la maana ndani yake. Mnamo 1662 kijana Lorenzo Bellini, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 20, alitangaza kwamba donge hilo limejaa vijirija vyembamba vinavyoteremsha mkojo. Lakini mkojo huo uliingiaje katika vijirija hivyo?

Wakati huo Malpighi alikuwa amehamia Messina, kisiwani Sicily, alikofundisha kuanzia 1662 hadi 1666. Aliporudi Bologna alichapisha, mwaka huo wa 1666, kitabu kuhusu umbo la ini, ubongo, figo na wengu. Sura ya figo ndiyo inayotuhusu hapa.

Mbinu yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Alichanganya rangi nyeusi na pombe kali, akaipenyeza katika ateri ya figo, kisha akaipasua figo na kuitazama. Kwenye tabaka la nje alikuta vidoa vidogo sana vya mviringo, vimekolea weusi, vikining'inia kwenye matawi ya mishipa mithili ya matunda mtini. Vilikuwa vingi kupindukia. Hakuna aliyekuwa ameviona kabla yake.

Malpighi aliamini kwamba hivyo ni vitezi, na kwamba humo ndimo mkojo unamotenganishwa na damu. Akataka kuthibitisha kuwa vimeungana na vijirija vya Bellini. Alifunga vena na mrija wa mkojo wa mbwa aliye hai, jaribio ambalo leo lingewachefua wengi, akitumaini kwamba msongamano wa ndani ungemfichulia njia. Njia haikuonekana. Alikiri hivyo waziwazi katika kitabu chake, ingawa aliendelea kushikilia kwamba lazima iwepo.

Alikosea jambo moja, na kosa lenyewe linastahili kutajwa. Vidoa vile si vitezi. Kila kimoja ni kishada cha kapilari zilizojisokota, yaani mishipa ile ile aliyoigundua yeye mwenyewe miaka mitano kabla. Hakuitambua ilipojikunja mbele yake. Frederik Ruysch wa Amsterdam ndiye aliyekuja kusisitiza kwamba ni mishipa mitupu, naye akakosea kwa upande mwingine kwa kudhani kuwa mishipa hiyo huendelea moja kwa moja hadi kuwa vijirija.

Hata hivyo, Malpighi alikuwa amelenga mahali penyewe. Leo twajua kwamba kila figo ina takriban vishada milioni moja. Karibu humusi ya damu yote inayosukumwa na moyo huelekea figoni, na shinikizo la damu hiyo hulazimisha maji, chumvi, sukari na taka kuchujika kutoka katika vishada, huku chembe za damu na sehemu kubwa ya protini zikibaki nyuma. Majimaji yanayochujwa hivyo kwa siku hufikia takriban lita 180. Lau yote yangetoka nje, binadamu asingemaliza saa chache akiwa hai. Vijirija hurejesha karibu yote katika damu, pamoja na sukari na chumvi inayohitajika, na kinachosalia ni lita moja hadi mbili za mkojo.

Sifa zilimfikia Malpighi kutoka mbali kuliko nyumbani. Mwishoni mwa 1667 katibu wa Jumuiya ya Kifalme ya London, Henry Oldenburg, alimwandikia akimwomba awe akiwapelekea habari za utafiti wake, na 1669 akachaguliwa kuwa mwanachama. Kazi zake juu ya nondo wa hariri, kifaranga yaini na mimea zilichapishwa huko. Waliosoma bayolojia katika shule ya upili watakumbuka mirija ya Malpighi ambayo wadudu huitumia kutoa taka mwilini. Hiyo ilitokana na uchunguzi wake wa nondo.

Bologna kwenyewe hakukuwa na raha. Mnamo 1684 nyumba yake iliungua, na hadubini, vitabu na miswada yake ikateketea. Kisha mwaka wa 1689 Giovanni Girolamo Sbaraglia, profesa wa chuo hicho hicho na mzaliwa wa ukoo ule wa mpaka wa shamba, alichapisha kijitabu cha kuishambulia elimu ya viungo vidogo. Hoja yake ilikuwa kwamba kumwona mdudu au figo kwa hadubini hakumponyi mgonjwa yeyote. Tabibu, kwa maoni yake, ajifunze dalili na dawa, mengine ni kupoteza wakati.

Hoja hiyo isidharauliwe kwa sababu tu ilitoka kwa adui. Mwaka ule wa 1689 Sbaraglia angeweza kutembea katika kila wodi ya Bologna asimpate mtu hata mmoja aliyepona figo kwa sababu ya kitabu cha 1666. Malpighi mwenyewe alisumbuliwa na jongo, mapigo ya moyo yaliyokwenda kasi, na vijiwe vya figo, na hadubini yake haikumpa nafuu. Aliandika jibu refu, akieleza kwamba asiyejua jinsi kiungo kinavyofanya kazi hutibu kwa kubahatisha. Jibu hilo lilichapishwa miaka mitatu baada ya kifo chake.

Mwaka wa 1691 Innocent XII alipochaguliwa kuwa Papa alimwita Roma awe daktari wake. Malpighi alikuwa amechoka na hakuipenda safari hiyo, lakini alitii. Kiharusi cha kwanza kilimpata katika majira ya joto ya 1694. Cha pili, mwezi Novemba, kilimuua akiwa na umri wa miaka 66.

Kiungo alichokitafuta ndani ya mbwa kilipatikana baada ya miaka 176. Mnamo Februari 1842, Mwingereza William Bowman, mwenye umri wa miaka 25 na hadubini bora zaidi, aliieleza Jumuiya ya Kifalme kwamba kila kishada kimefunikwa na kifuko, na kifuko hicho ni mwanzo wa kijirija. Jina la Bowman ndilo wanafunzi wanalolikariri leo kwa kifuko hicho.

Miaka sita kabla ya hapo, Richard Bright wa Guy's Hospital jijini London alikuwa ameonyesha jambo jingine kutokana na maiti alizozipasua. Wagonjwa wengi waliokufa wakiwa na figo zilizosinyaa na kuwa ngumu walikuwa pia na moyo uliotanuka, hasa upande wa kushoto. Haiwezekani leo kusema kwa hakika kwamba figo ndiyo iliyomuua Malpighi, lakini daktari yeyote anayesoma maelezo ya Baglivi kuhusu figo iliyonywea, moyo mnene na damu iliyovuja ubongoni hufikiria mara moja shinikizo la damu.

Mwili wake ulisafirishwa kutoka Roma hadi Bologna, ukazikwa katika Kanisa la Watakatifu Gregorio na Siro.