Kapteni Joubert na Mama Agnes



Wengi wetu tumesikia jina la Kapteni Joubert wa Moba. Yeye alikuwa Mkatoliki na sisi tuko Waprotestanti, lakini habari za ziwa hili ni zetu wote.

Léopold Joubert alizaliwa mwaka wa 1842 kule Saint-Herblon, Ufaransa. Katika ujana wake alikuwa askari wa Papa. Kiisha Kardinali Lavigerie alimtuma Afrika kulinda misioni za Mapadri Weupe, juu wafanya biashara ya watumwa walikuwa wakichoma vijiji na kufunga watu minyororo. Mwaka wa 1887 alifika Mpala. Wazungu wengine walikuja, wakarudi kwao. Yeye hapana, alibaki mpaka kufa.

Mwaka wa 1888 alimuoa Agnes Atakaye, binti Mwafrika Mkristo. Walijenga Saint-Louis ya Mrumbi, karibu na Moba. Watu waliokimbia vita walikuja kukaa pembeni yao. Joubert alifundisha vijana bunduki, wakapigana na watu wa Rumaliza. Hao vijana tusiwasahau: mtu mmoja hawezi kulinda pwani nzima. Mwaka wa 1891 Kapteni Jacques, Mbelgiji, alikuja kumsaidia, akajenga ngome, akaiita Albertville. Njo jina mji wetu wa Kalemie ulilobeba wakati wa ukoloni.

Lakini tuseme kweli yote. Joubert alikata mashauri na kutawala pahali ambapo machifu walikuwa na inchi yao. Nyuma yake ilikuja Serikali ya Leopold II, na uhuru wa machifu ukaisha. Mwizi mmoja alifukuzwa mlangoni, mwingine akaingia.

Joubert alikufa Misembe mwaka wa 1927, akiwa na miaka 85. Wana wake wawili walikuwa mapadri.

Sasa, jamaa hii ilianza kwa nani? Vitabu vinajibu: kwa Kapteni. Lakini kwa desturi ya Watabwa, wenyeji wa Marungu, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa hesabu hiyo, mzizi ni Agnes. Bila yeye, Joubert angekuwa mgeni mwenye bunduki tu. Kwa yeye alipata watoto wa inchi hii.

Basi ndugu, siku za mapumziko ukifika nyumbani, usiulize tu babu alitoka wapi. Uliza pia bibi alikuwa nani, na uandike jina lake.