MAMA ANNA CHANDY, JAJI ALIYEKATAA KURUDI NYUMA

Katika kijitabu hiki cha miaka kumi ya kikundi chetu tumeona ni vyema tumkumbuke mama mmoja wa ng'ambo ya Bahari ya Hindi, ambaye vita vyake akina mama wote tunavijua. Huyu ni Anna Chandy.

Alizaliwa mwaka 1905 huko Travancore, kusini mwa India, nchi iliyokuwa na mfalme wake chini ya himaya ya Waingereza. Mwaka 1926 alipata shahada ya sheria, akiwa mwanamke wa kwanza kwao. Akawa wakili, tena mke wa mtu, na akaanzisha gazeti la wanawake liitwalo Shrimati.

Siku zile kulizuka ubishi kama wanawake wapewe kazi serikalini. Bwana mmoja msomi alipinga hadharani, eti mke akienda kazini nyumba itaingia ugomvi, na kazi zenyewe haziwatoshi wanaume. Mama Chandy alifunga safari hadi mji mkuu, akazipangua hoja zake moja moja kama yuko mahakamani. Alieleza kuwa kipato cha mke huiokoa familia shida inapoingia. Sisi tunaoweka akiba hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1931 aligombea kiti katika baraza la wawakilishi. Jamani, alichafuliwa! Alizuliwa kashfa za kumvunjia heshima, zikaandikwa mpaka kwenye mabango, na kura hazikutosha. Mwingine angejifungia ndani. Yeye alijibu kwa kalamu gazetini mwake, na mwaka 1932 akagombea tena, akashinda.

Wala hakutaka usawa wa mambo matamu tu. Sheria ya Travancore ilikuwa haimnyongi mwanamke hata akiua. Mama Chandy aliipinga, kwani usawa ni usawa, hata katika machungu. Alizipinga vilevile sheria zilizomweka mke chini ya mume katika ndoa.

Mwaka 1937 aliteuliwa hakimu, mwanamke wa kwanza India nzima kukalia kiti hicho. Mwaka 1948 akawa jaji wa wilaya, na mwaka 1959 Jaji wa Mahakama Kuu ya Kerala, kazi aliyoifanya hadi 1967. Baadaye alitumikia tume ya sheria ya taifa. Alifariki mwaka 1996, akiwa na miaka zaidi ya tisini.

Nasi tulipoanza na shilingi zetu chache tulisemwa sana, kwamba tunaacha watoto nyumbani twende kupiga soga. Miaka kumi imepita, daftari lipo na kila mtu anaweza kulisoma. Wale mabinti watakaotaka kugombea uongozi mwaka huu wasiogope maneno. Mama Chandy alisemwa, akashindwa, akarudi mwaka uliofuata.