Roskopf: fundi aliyetaka kila mufanyakazi awe na saa mufukoni

Kuna wakati saa ilikuwa kitu cha matajiri. Mu Uswisi ya katikati ya karne ya 19, mufanyakazi wa kawaida aliingia kazini kengele ikilia na alitoka kengele ikilia. Kama mukubwa wa kiwanda alimuongezea dakika za kazi, angejua kwa njia gani? Saa nzuri ilikuwa ya feza ao zahabu, na bei yake haikuwa ya mutu wa mushahara mudogo. Fundi mumoja alikataa mambo yaendelee vile. Jina lake ni Georges Frédéric Roskopf.

Roskopf hakuzaliwa Uswisi. Alizaliwa Niederweiler, kijiji cha Baden mu Ujerumani, tarehe 15 Machi 1813. Mwaka wa 1829, akiwa kijana wa miaka 16, alifika La Chaux-de-Fonds ili ajifunze Kifaransa na biashara. Muji huo uko juu mulimani, karibu mita 1.000, na watu wake wengi waliishi kwa kazi ya saa. Alianza mu duka la vyuma na vifaa vya saa, kiisha akajifunza ufundi wenyewe. Mwaka wa 1835 alioa mujane, Françoise Lorimier, na mali ya bibi yake ilimusaidia kufungua karakana.

Alitengeneza saa za kawaida kwa miaka mingi, lakini hakutajirika. Kufikia miaka ya 1860 alikuwa na wazo moja tu mu kichwa: saa yenye nguvu, inayoenda vizuri, kwa franka 20. Hiyo ilikuwa karibu mushahara wa juma moja wa mufanyakazi.

Namna gani alishusha bei? Hakuharibu kazi, alipunguza vipande. Saa za wakati ule zilikuwa na vipande zaidi ya 100. Yake ilibaki na 57. Aliondoa gurudumu la katikati, na nafasi ile akaipatia springi kubwa ya kusukuma saa. Pale ambapo wengine walitumia vijiwe vya bei kali ili kuzuia na kuachilia magurudumu, yeye aliweka vipini vya chuma. Kifuniko hakikuwa cha feza, kilikuwa cha madini nyeupe ya bei ndogo. Mu saa za kwanza, mishale ilisogezwa kwa kidole.

Mafundi wenzake hawakufurahi. Kazi ya saa iligawanywa mu vyumba vingi, kila mutu na kipande chake, na wengi waliogopa kwamba saa rahisi itawanyanganya mukate ao itaharibu jina la muji. Roskopf alilazimika kutafuta vipande mbali, kama kule Malleray mu milima ya Jura. Saa yenyewe aliiita La Prolétaire, maana yake saa ya mufanyakazi masikini.

Mwaka wa 1867 aliipeleka Paris, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Ilipata medali ya shaba. Kutoka hapo, watu waliiomba kila upande.

Lakini hapo ndipo shida ilianza. Wakati ule Uswisi haikuwa na sheria ya kulinda mutu aliyevumbua kitu. Roskopf alipata haki zake inje, kama vile Ufaransa, lakini nyumbani kila mutu angeweza kumuiga. Na walimuiga. Wengine waliandika jina karibu sawa na lake, Rosskopf, wakiongeza s moja tu. Kuna waliofanya kazi nzuri, na kuna waliouza takataka. Polepole, jina la mutu aliyetaka masikini apate kitu kizuri likawa jina la saa ya ovyo.

Mwaka wa 1873 aliacha biashara mikononi mwa Wille Frères na Charles Léon Schmid. Sheria ya uvumbuzi ya Uswisi ilifika mwaka wa 1888, kwake ilichelewa sana. Alikufa Bern tarehe 14 Aprili 1889, akiwa na miaka 76.

Saa za namna yake ziliendelea kutengenezwa kwa mamilioni karibu miaka mia. Miaka ya 1970 saa za betri zikaingia, bei ikashuka zaidi, na viwanda vilivyofuata njia yake vikafunga mulango kimoja kimoja.

Siku moja ukikuta saa nzito ya mufuko mu sanduku la muzee, imeandikwa jina hilo, usiitupe haraka. Hesabu s kwanza. Kama ni mbili, haikutoka kwa Roskopf.