Metchnikoff: Mwanasayansi wa maziwa mgando na siri ya tumbo na ubongo

Mwaka 1882, mjini Messina, Italia, familia ilikwenda kutazama sarakasi. Élie Metchnikoff akabaki nyumbani na darubini yake. Alichukua kitoto cha kiti cha pweza, kiumbe chenye mwili angavu kama kioo, akakichoma mwiba wa waridi.

Asubuhi akakuta chembe zimeuzunguka ule mwiba zikijaribu kuumeza. Kumbe mwili una askari wake!

Metchnikoff alizaliwa 1845 karibu na Kharkiv, leo ni Ukraine. Maisha hayakumwendea kirahisi. Mke wake wa kwanza, Ludmila, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1873, naye akajaribu kujiua, akanusurika. Mwaka 1888 Louis Pasteur alimpa maabara Paris. Ile habari ya askari ikamletea Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich.

Uzeeni akahamia tumboni. Aliamini bakteria wa utumbo mpana wanatoa sumu inayotuzeesha, hivyo akawa anakunywa maziwa mgando kila siku. Watu wakamfuata kwa wingi. Hapo alipitiliza kidogo, maana wengi wa bakteria hao wanatufaa.

Alifariki 1916 akiwa na miaka 71, akiacha mambo yake mawili: askari wa mwili na bakteria wa tumbo.

Wengine wakayaendeleza. Katika ugonjwa wa MS, askari hao hugeuka na kushambulia utando unaofunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 2011, watafiti Ujerumani walilea panya wa aina inayopata ugonjwa unaofanana na MS, ila wakawalea bila bakteria yeyote. Hawakuugua. Walipopewa bakteria wa tumbo, wakaugua. Mwaka 2017, bakteria kutoka vinyesi vya wagonjwa wa MS waliongeza ugonjwa kwa panya.

Lakini panya si mtu. Kwa binadamu haijathibitika kama bakteria wakivurugika ndipo MS inaanza, au MS ndiyo inayowavuruga. Urithi na kirusi cha Epstein-Barr navyo vimo. Kwa hiyo mtindi kunywa tu, ila usiache dawa za hospitali kwa ajili yake.

Majivu ya Metchnikoff yamehifadhiwa Paris, ndani ya maktaba ya Taasisi ya Pasteur.