Ali Sami, Mwanafunzi Aliyeasisi Galatasaray

Wapenzi wa kandanda wanalijua jina la Galatasaray, klabu ya Istanbul iliyotwaa Kombe la UEFA mwaka 2000 kwa kuishinda Arsenal kwa mikwaju ya penalti. Lakini nadhani ni wachache wamjuao marehemu Ali Sami aliyeiasisi. Leo nataka kuwasimulia habari zake, kwani vijana wetu wanaweza kupata funzo ndani yake.

Ali Sami alizaliwa Istanbul mwaka 1886. Baba yake, Şemsettin Sami, alikuwa mwanachuoni wa asili ya Kialbania na mtungaji wa kamusi mashuhuri ya Kituruki. Serikali ya Sultani Abdulhamid wa Pili ilimtilia shaka mwanachuoni huyo, na miaka yake ya mwisho alikaa nyumbani akichungwa. Alifariki mwaka 1904. Mwanawe, aliyekuwa na umri wa miaka 18, alikwisha kuona nini humpata mtu akishukiwa na wakubwa.

Hapo ndipo ninapomstaajabia. Siku zile kandanda mjini Istanbul ilikuwa mchezo wa Waingereza na Wagiriki. Serikali iliogopa kila mkusanyiko wa vijana, na vijana wa Kiislamu hawakuwa na ruhusa ya kuunda timu. Katika mji wao wenyewe walisimama kando wakitazama. Hata hivyo, mwezi wa Oktoba 1905, Ali Sami na wanafunzi wenzake wa shule ya Galatasaray walikata shauri darasani, katika kipindi cha fasihi. Walitaka kucheza kwa mpango kama Waingereza, kuwa na jina na rangi zao, na kuzishinda timu zisizo za Kituruki.

Ali Sami akawa mwanachama nambari 1, na rais wa klabu hadi mwaka 1918. Haukupita muda mrefu, vijana wale wakatwaa ubingwa wa Istanbul msimu wa 1908-09.

Zamani Waturuki, kama sisi, walijulikana kwa jina la mtu na la baba yake. Sheria ya mwaka 1934 ilimtaka kila mmoja awe na jina la ukoo. Ali Sami alijichagulia Yen, maana yake shinda.

Alifariki tarehe 29 Julai 1951, akazikwa Feriköy. Mwaka 1964 ulifunguliwa uwanja wenye jina lake, na siku hiyohiyo watu wengi waliumia katika msongamano jukwaani. Mashabiki waliimba na kupiga makelele kiasi cha kuwatetemesha wageni, hata uwanja ukaitwa Jahanamu. Mimi jina hilo halinipendezi. Aliyeanzisha klabu ili vijana waliotengwa wapate nafasi alistahili kumbukumbu ya upole zaidi. Lakini nikifikiri, naona kelele zile ni za watu ambao babu zao walikatazwa hata kuupiga mpira.

Uwanja ule ulivunjwa mwaka 2011, klabu ikahamia Seyrantepe. Jina la Ali Sami Yen lilihama nayo. Baba aliacha kamusi, mwana akaacha klabu, na wote wawili walianza kazi zao chini ya macho ya wapelelezi. Mwenyezi Mungu awarehemu.